Picha za kale za polka na walzi: uliza kwanza zilichapwa kwa ajili gani

Wanaokuja kwangu kujifunza dansi za Ulaya za karne ya 19 mara nyingi huja na picha kwenye simu: mwanamume na mwanamke wamenyanyua mguu, mkono kiunoni, mavazi yanameremeta. Wanataka kucheza vivyo hivyo. Mimi huwauliza picha hiyo ilichapwa ili iuze nini.

Chukua polka. Ni ngoma ya watu wa Bohemia (katika Jamhuri ya Cheki ya leo) iliyopanda chati Prague miaka ya 1830, ikahamia Paris, na mwaka 1844 ikaiteka London. Mwaka huo wacheza baleti Carlotta Grisi na Jules Perrot waliicheza jukwaani London, wakachorwa kwenye litografia (picha inayochorwa kwenye jiwe kisha kuchapwa) wakiwa na mavazi ya kijijini yaliyoshonwa kwa ajili ya jukwaa. Naipenda sana picha hiyo. Lakini kazi ya picha kama hizo ilikuwa kuuza noti za muziki na kujaza viti vya ukumbi. Watu wa kawaida kwenye dansi za usiku walivaa suti nyeusi na magauni mapana, na madoido mengi ya jukwaani waliyaacha. Ukimuiga Grisi, jua kwamba unaiga jukwaa.

Vibonzo navyo visome kwa makini. George Cruikshank mwaka 1813 alichora walzi ikichezwa na mwanamke mrefu mwembamba na mwanamume mfupi mnene. Usitafute hatua humo. Kinachofaa ni kuona kilichowaudhi watu: walzi, yenye asili katika ngoma za wakulima wa Austria na kusini mwa Ujerumani, ilimruhusu mwanamume kumshika mwanamke mbele ya kadamnasi.

Kwa miguu na mikono, nenda kwenye vitabu vya walimu. Thomas Wilson alitoa kitabu cha walzi London mwaka 1816, na picha yake ya mwanzo inaonyesha jozi kadhaa, nyingine zimeinua mikono juu ya kichwa kama upinde. Mshiko huo haufanani na wa leo. Paris, mwaka 1847, mwalimu Cellarius alieleza polka na mazurka, ngoma ya Wapolandi, kwa maneno, naye Gavarni akamchorea. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni bure vitabu zaidi ya 200 vya aina hii. Anzia huko.

Jambo moja la ufundi ambalo wengi hawalijui: kinachochorwa kwenye jiwe au bamba hutoka kimegeuzwa kikichapwa, kushoto kuwa kulia. Mchoraji asipolizingatia hilo, mwanamume ataonekana amemshika mwenzake kwa mkono usio sahihi, wa kushoto badala ya wa kulia au kinyume chake. Mimi hutazama vifungo vya koti. Koti la kiume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu. Ukiona kinyume, igeuze picha kabla ya kuhesabu hatua.

Rangi pia zisikusumbue, kwani nakala nyingi zilipakwa kwa mkono baada ya kuchapwa, hii sketi nyekundu, ile ya buluu. Kabla hujampelekea fundi cherehani picha, tafuta nakala nyingine mbili tatu uzilinganishe.

Kisha weka muziki. Polka ina mapigo mawili. Mazurka ina matatu, na mkazo mara nyingi huangukia la pili au la tatu. Ukiona kwenye picha kisigino kinagonga, jaribu kukiweka hapo.