Tarzan ya 1981: niliifasiri bandani Kigoma, kasoro yake naijua

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini Tarzan the Ape Man ya 1981, ile ya mwigizaji Bo Derek, inapondwa kila kona ilhali iliingiza hela, na kama kweli ilipigwa Afrika. Nitajibu kwa urefu, maana katikati ya miaka ya 90 nilikuwa mfasiri kwenye banda la video Kigoma. Nilikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti mkononi, na kanda hii niliirudia hadi nikaijua neno kwa neno.

Nianze na la pili. Bara la Afrika hawakulikanyaga. Ule msitu ni wa Sri Lanka, na baadhi ya fukwe ni za Shelisheli. Siku ya kwanza tunaionyesha, alikuwepo mzee mmoja mvuvi wa dagaa kutoka Mwamgongo, kijiji kinachopakana na Gombe, hifadhi ya sokwe. Alipotokea yule mnyama mkubwa mwenye manyoya mekundu, mzee akasimama katikati ya watu. "Mwanangu, huyo ni wa wapi? Sokwe ni mweusi." Nikashusha kipaza sauti, sikuwa na la kumwambia. Baadaye ndipo nikajua kwamba yule ni orangutani, na kwao ni Borneo na Sumatra. Tembo nao ni wa Asia, wenye masikio madogo. Tarzan the Ape Man ya kwanza, ya 1932, pia ilitumia tembo wa Asia, lakini wale walivalishwa masikio ya bandia wafanane na wa kwetu. Angalau walijua kuna mtazamaji atakayeangalia masikio.

Sasa kuhusu kupondwa. Wengi wanasema ni kwa sababu ya utupu. Mimi nasema tatizo lilianza kwenye karatasi. Mwaka 1931 studio ya MGM iliwekeana mkataba na Edgar Rice Burroughs, mwandishi aliyemtunga Tarzan. Kwa mkataba ule MGM wakapata ruhusa ya kuirudia filamu yao ya 1932, ila kwa sharti kwamba hadithi isitoke mbali na ile ya kwanza. Waliitumia ruhusa hiyo mwaka 1959, Tarzan akiwa Denny Miller, filamu ya haraka haraka iliyochomekwa vipande vya zamani vya Johnny Weissmuller, Tarzan wa 1932, vikapakwa rangi. Kisha wakaitumia tena 1981. Wakati huo Warner Bros. walikuwa wanaiandaa Greystoke, Tarzan yao wenyewe, iliyotoka 1984 na msitu wake ukapigwa Kameruni. Kwa hiyo MGM mkononi walikuwa na hadithi moja tu, ya zamani, na hawakuwa na uhuru wa kuigeuza.

Hadithi hiyo iliyofungwa kamba wakampa John Derek, ambaye Tarzan hakumshughulisha kabisa. John ndiye aliyeongoza na ndiye aliyeshika kamera, na mkewe Bo ndiye mtayarishaji na ndiye Jane, mwanamke anayekutana na Tarzan msituni. Steringi wa kwanza, Lee Canalito, akaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Miles O'Keeffe, kijana ambaye hakuwa na jina kwenye filamu. Kabla picha haijatoka warithi wa Burroughs wakaenda mahakamani New York. Jaji akaona kwamba baadhi ya vipande vya utupu vinaiondoa filamu kwenye hadithi ya 1932, akaamuru vikatwe. Kwa hiyo walioingia ukumbini Julai 1981 waliona picha iliyokwisha kupita kwenye mkasi wa mahakama.

Lakini hata ukirudisha vipande vyote, filamu haiponi. Ukifasiri unajua nani ana maneno na nani hana. Nusu ya kwanza koo langu lote lilikwenda kwa Richard Harris, baba yake Jane, mzee anayefoka kuanzia anapoamka mpaka anapolala, anayetafuta makaburi ya tembo. Jane naye ana maneno ya kutosha. Tarzan anachelewa sana kutokea, na akishatokea hasemi hata neno moja, ni ule ukelele wake tu. Weissmuller angalau alijifunza maneno mawili matatu, ukaona mtu anaanza kumwelewa mwenzake. Huyu wa 1981 ni mwili unaopita mbele ya kamera. Watu bandani walikuwa wananiuliza, "Steringi anasema nini?" Na kweli hakuna kitu.

Kuna kile kipande cha chatu majini. Hapo ndipo Tarzan alipaswa kuwa Tarzan, na watu walikuwa wameshasogeza mabenchi mbele. John Derek akakipunguza mwendo, picha inasitasita, taswira moja inaingia juu ya nyingine, mkono hujui ni wa nani na mkia hujui uko wapi. Ukumbi mzima ukaanza kupiga kelele kwamba deki imechafuka. Mwenye banda akaja na pamba na spiriti, akafungua, akasafisha hedi inayosoma kanda, akarudisha kanda nyuma. Kikaja kile kile. Akasafisha tena. Mara ya tatu ndipo tulipokubali kwamba ndivyo kilivyotengenezwa. Wale waliolipa kiingilio kwa ajili ya pambano hilo waliumia, na mimi niliumia nao.

Hela ilikuja kwa sababu ya Bo. Alikuwa ametoka kwenye filamu iitwayo "10" ya mwaka 1979, dunia nzima inamtaka, na bango lilimuuza yeye. Marekani peke yake iliingiza zaidi ya dola milioni 36. Kwenye Razzie, tuzo za kudhihaki filamu mbovu, akapewa ya mwigizaji mbaya wa kike, akigawana na mwigizaji mwingine, Faye Dunaway. Mimi naona lawama ile ilikwenda kwa mtu asiyestahili, kwa sababu Bo alifanya alichoelekezwa na mtu aliyekuwa nyuma ya kamera. Na si wote walioiponda: mhakiki wa filamu Roger Ebert aliipa nyota mbili na nusu kati ya nne.

Kama unataka Tarzan yenye kitu chetu ndani yake, tafuta ile ya 1932. Nayo ilipigwa California, Weissmuller hakuja huku. Lakini mwongozaji wake, W. S. Van Dyke, alikuwa amezunguka Afrika Mashariki mwaka 1929 kupiga Trader Horn, akabakiwa na picha nyingi, na baadhi akazitumia humo. Pale mwanzoni Jane anapofika kituoni kwa baba yake, usimwangalie yeye. Angalia watu walio nyuma yake, wanavyosimama na walivyovaa. Hao ndio wa huku, na majina yao hayakuandikwa popote kwenye ile filamu.