Jibu: Maziwa na manyoya kwa kawaida hayabaki kwenye mwamba, mamalia wa kale tunamjuaje?

Mkuu, anza na taya. Taya la chini la mtambaazi lina mifupa kadhaa kila upande, na kiungo chake na fuvu ni pale atikula (mfupa wa nyuma wa taya) inapokutana na kwadrata (mfupa wa fuvu). La mamalia lina mfupa mmoja tu kila upande, dentari, unaokutana na fuvu moja kwa moja. Morganucodon, mnyama mdogo wa takriban miaka milioni 205 iliyopita aliye karibu sana na mamalia, alikuwa na viungo vyote viwili kwa pamoja! Baadaye atikula na kwadrata zikahamia sikio la kati. Ndiyo mifupa midogo ya sikio letu iitwayo nyundo na fuawe.

Wengi hukosea hapa: mifupa ya nyuma ya taya ni midogo, hudondoka kabla ya kufukiwa, dentari ikabaki peke yake na kuonekana ya mamalia kamili. Igeuze, tazama upande wa ndani. Ukikuta mfereji nyuma ya meno, mifupa ile ilikuwepo.

Meno nayo yanasema. Morganucodon alibadilisha meno ya mbele mara moja tu, dalili nzuri kwamba watoto walinyonya, maana anayenyonya hahitaji meno mapema. Sinodonti (kundi la kale ambalo mamalia walitokana nalo) wa bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, kama Cricodon, ni hatua ya kabla ya hapo.