Mgonjwa yuko ICU, na tumbo lake je?

Mi ni nesi wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) na hakuna swali ninaloulizwa na ndugu kama hili: "huyu hajitambui, chakula cha nini tena, si ana dripu?" Jamani, dripu ya kawaida ni maji, chumvi na sukari kidogo, hicho sio chakula. Halafu ukuta wa ndani wa utumbo unajilisha kwa sehemu kubwa na hichohicho kinachopita humo, ukikaa mtupu siku kadhaa unaanza kusinyaa na bakteria wanapata upenyo.

Ndo maana mpira wa puani, ule wa kupitishia chakula cha majimaji hadi tumboni, tunauweka mapema. Presha ikishatulia tunajitahidi kuanza ndani ya saa 48, tena kidogokidogo, mililita 10 hadi 20 kwa saa, ndugu wakiona vile vitone wanadhani tunamnyima mgonjwa wao, kumbe hapo tunauamsha utumbo tu, kushiba baadaye. Ila kama presha iko chini na dawa za kuipandisha zinaongezwa kila saa, tunasubiri, maana damu inayofika utumboni ni chache na ukilazimisha chakula utumbo unaweza kufa kabisa. Na aliyekaa muda mrefu bila kula haongezwi kwa pupa, fosfeti (madini ambayo mwili unayahitaji) kwenye damu inaweza kushuka ghafla na moyo ukayumba.

Kichwa cha kitanda kiwe juu, nyuzi 30 hadi 45. Ukikuta kimelazwa na chakula kinaenda, ita nesi hapohapo, hatukasiriki (wengi wetu), chakula kikirudi juu kinaingia mapafuni.

Akiharisha msianze kudai chakula kisimamishwe, mara nyingi ni antibaiotiki au zile dawa za maji zenye sorbitoli (kitu cha kutia utamu), kwa hiyo ulizeni kwanza anatumia dawa gani.

Probaiotiki (dawa za bakteria hai wanaosemwa ni wazuri kwa tumbo) za kwenye mkoba naomba mrudi nazo nyumbani. Utafiti mkubwa uliotoka 2021 kwa wagonjwa wa mashine ya kupumulia haukuona zikipunguza nimonia, na kuna wachache bakteria walewale wa kwenye dawa walikutwa kwenye damu yao. Glutamini, kirutubisho cha jamii ya protini, nayo ilisifiwa sana, mpaka 2013 ilipoonekana dozi kubwa kwa waliofeli viungo vingi inaongeza vifo.

Kitu cha kumuuliza daktari kila siku ni hiki: jana alipangiwa chakula kiasi gani na kimeingia kiasi gani? Maana kinasimamishwa aende CT scan, kinasimamishwa aende thieta, akirudi kila mtu anadhani mwenzake ameshakiwasha.