Maswali ya Wasomaji: Mzinga wa Pauni 25 wa Resini

SWALI: Mhariri, salaam. Nimenunua seti ya resini ya skeli ya 1/35 (yaani ndogo mara 35 kuliko kitu halisi) ili kukamilisha modeli yangu ya plastiki ya mzinga wa Kiingereza wa pauni 25, ulioitwa hivyo kwa uzito wa kombora lake. Ndani yake mna mtutu, trela la makombora, makombora yenyewe na madebe ya petroli. Gundi ya plastiki haishiki, rangi inabanduka kama ganda la kitunguu, na mtutu umepinda. Nifanyeje? Tena ningependa mzinga huu uwe wa vita vya El Alamein huko Misri, Oktoba 1942. Niupake rangi gani?
Msomaji, Coventry

JIBU: Ndugu msomaji, plastiki ya seti za kawaida huyeyushwa kidogo na gundi yake, na sehemu mbili hushikana kwa kuyeyukiana. Resini yako ni poliyurethani, plastiki ya aina nyingine, iliyomiminwa ikiwa majimaji, ikagandia ndani ya kalibu ya mpira wa silikoni, na gundi hiyo haiwezi kuiyeyusha hata ukiipaka kutwa nzima. Tumia supa gluu kwa vipande vidogo, na epoksi ya kuchanganya kwa vile vinavyobeba uzito, kama vile magurudumu ya trela.

Rangi inabanduka kwa sababu ya mafuta. Ili kipande kitoke bila kuirarua kalibu, mtengenezaji huipaka mafuta ya kuachanisha, na utando wake hubaki juu ya resini bila kuonekana. Ondoa rangi yote iliyolegea, kisha osha kila kipande kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu, ukisugua hasa kwenye pembe na kuzunguka vichwa vya ribiti, halafu suuza na uache vikauke usiku kucha. Pitisha kidole kabla na baada ya kuosha: kabla kitateleza, baada kitakwaruza kidogo. Hapo ndipo upake rangi ya msingi, nayo itashika.

Mtutu utumbukize kwa dakika moja katika maji ya moto yasiyochemka, unyooshe taratibu juu ya kipande cha kioo, kisha uzamishe katika maji baridi ukiwa bado umeushikilia. Hata hivyo, kwa maoni yangu ni afadhali kununua mtutu wa chuma uliochongwa kwa mashine, kwa kuwa resini nyembamba hulegea tena ikikaa karibu na joto. Mzinga halisi ulikuwa na kipenyo cha ndani cha milimita 87.6, kwa hiyo tundu la modeli yako linapaswa kuwa la milimita 2.5, lipime kabla ya kulipa.

Nakuomba sana jambo moja: usipige msasa resini ikiwa kavu. Vumbi lake ni jembamba na lina madhara kwa mapafu. Lowesha msasa, vaa barakoa, na ufute meza kwa kitambaa kibichi, hasa kama nyumbani mna watoto.

Sasa El Alamein. Vita hivyo vilianza usiku wa tarehe 23 Oktoba 1942 kwa mizinga karibu 900, na mzinga wa pauni 25 ndio uliokuwa uti wa mgongo wa shambulio hilo. Rangi ya jangwani iliyozoeleka ilikuwa ya mchanga iliyokaribia manjano, yaani Light Stone. Mwezi huohuo ilitoka amri ya kutumia rangi ya waridi ya jangwani, lakini jeshi zima halibadilishi rangi kwa siku moja, kwa hiyo Light Stone inakufaa. Kahawia iliyoitwa SCC 2 waachie wanaojenga vifaa vilivyokuwa Uingereza kwenyewe, na kijani cha SCC 15 ni cha kuanzia 1944. Angalia pia mdomo wa mtutu: kama seti yako ina kile kifaa cha kupunguza msukumo wa kurudi nyuma, kiache kando, maana mitutu mingi ya El Alamein haikuwa nacho.

Trela lilibeba makombora 32. Yale ya kulipuka yapake kaki ya manjano, na maganda ya baruti yawe ya shaba ya manjano, yakiwekwa mbali na makombora, kwa sababu katika mzinga huu kombora liliingizwa kwanza na ganda likafuata. Madebe, nayo, yamenifurahisha. Ni yaleyale ya bati ya galoni 4 ambayo kwetu yalibaki kuwa kipimo cha mahindi na mchele. Jangwani yalivuja vibaya mno, kwa hiyo yabonyeze pembe kidogo na uyapake madoa meusi ya petroli. Debe lisilo na kovu hata moja halitamshawishi mtu aliyewahi kubeba debe.

SWALI: Je, trekta la Quad, yaani gari la Kiingereza la kuvutia mizinga, la skeli ya 1/76 laweza kuvuta mzinga wa 1/72?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Nisingekushauri. Gari hilo lilikuwa na urefu wa takriban mita 4.5, ambao ni milimita 59 katika 1/76 na milimita 62 na nusu katika 1/72. Tofauti ni ndogo, lakini gurudumu la mzinga likisimama nyuma ya gurudumu la gari jicho huiona mara moja. Resini nayo husinyaa kidogo inapoganda, na nakala iliyotolewa kwa kunakili nakala nyingine husinyaa zaidi, kwa hiyo usitegemee namba iliyoandikwa kwenye boksi. Pima kipenyo cha gurudumu kwa rula, zidisha kwa namba ya skeli (76 au 72), kisha ulinganishe na vipimo vya gari halisi.