Ukijitolea Siku ya Kufunga Shule, Simama Upande wa Watoto

Juma lililopita niliandikiwa na msomaji mmoja, binti aliyehitimu ualimu na ambaye bado anasubiri ajira, akiniuliza afanye nini ili akubaliwe kujitolea katika tamasha la kufunga muhula la shule ya bweni iliyo jirani na kwao. Nilimjibu kwamba aandike barua, aipeleke mwenyewe kwa mkuu wa shule mwezi mmoja kabla, na asidai posho. Baadaye nikaona jibu hilo halitoshi, kwa sababu kukubaliwa si kazi. Shule nyingi siku hiyo zina upungufu wa watu. Kazi ni kujua umekwenda pale kwa ajili ya nani, na mimi nililijua hilo baada ya kumuumiza mtoto wa watu.

Ilikuwa Lushoto, mwaka juzi, mwanzoni mwa Desemba, katika shule ambayo sitaitaja. Nilikabidhiwa nyuma ya jukwaa: mavazi, zamu za vikundi, na ile karatasi ya ratiba ambayo mshereheshaji aliisoma kutoka mkononi mwangu. Kwaya, sarakasi na igizo sitavieleza, kwa kuwa vilikwenda kama vinavyokwenda kila mahali. Kilichobaki moyoni mwangu ni ngonjera ya wanafunzi wanane iliyotungwa na mwalimu wao wa Kiswahili, wanne wakiwa upande wa jembe na wanne upande wa kalamu.

Anayeifahamu ngonjera, sanaa ambayo mshairi Mathias Mnyampala aliipa umaarufu mkubwa katika miaka ya 1960, anajua kwamba uzito wake wote uko mwishoni. Wahusika huanza kwa kubishana, kila mmoja akimzidi mwenziwe kwa hoja, hadi mmoja wao anapotoa neno la kuwapatanisha. Neno hilo alipewa msichana mdogo kuliko wote, wa darasa la tano. Kwa kuwa mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilizuia watoto wa awali hadi darasa la nne kulala bweni, huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza kulala mbali na mama yake. Matroni aliniambia kwamba kwa majuma matatu mtoto yule alikuwa akilikariri beti lake akifua, akitandika kitanda na akipiga foleni ya uji. Asubuhi ya tamasha, nilipokuwa nikimfunga kilemba cheupe kwa pini mbili, alinisomea kwa sauti ya chini:

Jembe na kalamu ndugu, tumbo moja limezaa,
Ugomvi wenu ni gugu, shambani limezagaa.

Kisha akaniambia, "Anti, mama amekuja. Ametoka Kahama, amelala njiani."

Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne asubuhi, akafika saa saba kasoro robo. Hapo wazazi walikwisha kuanza kutazama saa zao, kwani mabasi ya wanafunzi yalipaswa kushuka zile kona za kwenda Mombo kabla ukungu haujatanda. Nililetewa kikaratasi chenye neno moja kutoka meza kuu: "Punguza." Nikashika kalamu. Niliogopa kugusa hotuba, nikaogopa kugusa kwaya kwa kuwa ilikuwa na waimbaji wengi, nikaiona ngonjera kuwa ndiyo rahisi kukatwa, maana beti ni beti. Mtoto wa sita alipomaliza, nilimwashiria mshereheshaji ashukuru. Wawili waliobaki walikuwa wamekwisha kusogea mbele. Hotuba iliyofuata ilichukua dakika arobaini na tano.

Jioni ile, mbele ya walimu wenzake, mwalimu aliyeitunga ngonjera alisema kwamba wageni wasiojua sanaa ndio wanaoharibu kazi za watoto. Aliyeniandikia kile kikaratasi alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwangu, akanyamaza. Nami nilikuwa nacho mfukoni, nikanyamaza pia. Hadi leo nikikumbuka ukimya ule moyo hunichoma, na sitadanganya kwamba nimeusamehe wote.

Lakini hayo yalikuwa ya watu wazima. Nilishuka na basi moja na mtoto yule na mama yake, wao wakiwa kiti cha mbele yangu. Tulipokaribia Soni, mama akamwambia, "Haya, nisomee mimi basi, mwanangu." Mtoto akageukia dirishani akajibu, "Si wamesema muda umekwisha." Mama hakurudia kumwomba, bali alimfungua kilemba polepole, akazitoa zile pini mbili na kuzichomeka kwenye kanga yake. Sikuwa na ujasiri wa kumgusa bega na kumwambia kwamba ni mimi niliyekata.

Kwa hiyo, binti yangu, na wengine mnaotamani kazi hii kama nilivyoitamani, nawasihi mfike siku moja kabla na mkae na matroni. Yeye ndiye anayejua ni mtoto gani atatembelewa na yupi hatatembelewa, nani amelia usiku, nani anaumwa tumbo kwa woga. Waalimu watawapa ratiba. Matroni atawapa watoto. Mkipata nafasi ya kuuliza mtu mmoja tu, muulizeni matroni. Mkiambiwa mpunguze muda, ulizeni kwa heshima lakini kwa sauti inayosikika: tupunguze ya nani? Mtoto aliyejiandaa majuma matatu asilipe deni la saa zilizopotezwa na mtu mzima barabarani. Mtu anayejitolea hana cheo cha kupoteza, na ndiyo maana anaweza kulisema neno ambalo mwalimu aliyeajiriwa analiogopa. Asipolisema yeye, hakuna mwingine atakayelisema.

Mwaka huu nilijitolea katika shule nyingine, na kabla ya kupokea kazi nilimwomba mkuu wa shule tukubaliane kwamba tukichelewa, hotuba ndizo zitakazopunguzwa. Alinitazama kwa muda, kisha akasema atazungumza na mgeni rasmi mwenyewe. Tulichelewa kwa saa moja na nusu, na mgeni yule, Mungu ambariki, akazungumza kwa dakika kumi. Ngonjera yetu ilikuwa ya mji na shamba, yenye watoto wanane, na wote wanane wakasema. Wa mwisho alikuwa mvulana mwembamba ambaye baba yake, kwa maneno ya matroni, hakuwa na uhakika wa kupata ruhusa kazini. Alipomaliza beti lake hakuinama kama tulivyomfundisha. Alibaki amesimama akiwatafuta watu kwa macho, safu kwa safu, mpaka mtu mmoja nyuma kabisa, karibu na lango, akainua mkono.