Shabiki mwenzako usimuulize kama filamu ni kali

Mashabiki wa filamu hapa mjini Moshi tumejaa, ila wa kukaa naye mkajadili filamu mpaka chai ipoe unamtafuta kwa tochi. Wengi, ikiisha tu, wanasema "kali" au "haina kitu", mjadala umefungwa, mnahamia kwenye Simba na Yanga. Mimi nimebahatika kumpata kaka mmoja mwenye stesheneri kule Mbuyuni. Yeye ni mtu wa filamu za kutisha, za mapigano na za kisayansi. Mimi napenda hizi ndogo zinazotengenezwa nje ya studio kubwa, ambazo hata trela yake huikuti kirahisi. Tungeweza kabisa kukosa la kuongea, lakini tunaongea hadi wateja wanagonga kaunta.

Siri yetu ni kwamba hatuulizani kama filamu ni nzuri. Tunaulizana: sini gani imekuganda?

Ukimuuliza mtu kama ameipenda, anaanza kujitetea. Ukimuuliza sini, anarudi kwenye filamu yenyewe: nani alisimama wapi, kamera ilikuwa mbali au karibu, muziki ulikatika lini. Na mara nyingi mtakuta hamkushika sini moja. Hapo ndipo pana utamu.

Chukua On Becoming a Guinea Fowl ya Mzambia Rungano Nyoni, iliyompatia tuzo ya mwongozaji kwenye kitengo cha Un Certain Regard cha tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2024. Inaanza usiku. Shula yuko kwenye gari akitoka kwenye sherehe, kavaa vazi la ajabu lililojaa upepo, anamkuta mjomba wake Fred amelala barabarani, amekufa. Hapigi kelele wala halii. Mimi zilizoniganda ni sini za msibani: wanawake hawatoki jikoni, wanaume wanasubiri kuhudumiwa, na mjane, binti mdogo kabisa, anasemwa na ndugu wa mume utadhani yeye ndiye aliyeua. Aliyewahi kushinda msibani Machame au Marangu hahitaji kuelezwa hayo. Yule kaka wa stesheneri yeye alishika ile ya mwanzo.

"Dada, huyu mbona halii?"

"Wewe unaonaje?"

"Asiyemlilia marehemu anamjua marehemu. Hii ni filamu ya kutisha, dada. Jini lenyewe limeshakufa, lakini nyumba nzima bado inaliogopa."

Nikairudia filamu nikiwa na maneno hayo kichwani, na kweli imejengwa hivyo. Mjomba hatumwoni akitenda lolote. Tunawaona wasichana aliowaumiza, na wakubwa wanaowataka wanyamaze ili msiba upite salama. Mtu aliyelelewa na filamu za kutisha anajua kwamba kisichoonyeshwa ndicho kinachoogofya, na mimi na filamu zangu za familia nisingelifikia hilo peke yangu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usimtafute shabiki anayependa unachopenda. Mtafute mwenye ladha nyingine, kisha mpe nafasi aisome filamu yako kwa macho yake.

Naye akuletee zake, na uzitazame mpaka mwisho. Kwa zamu yake alinipa Saloum ya Jean Luc Herbulot, ya mwaka 2021. Mamluki watatu wanakimbia mapinduzi ya Guinea-Bissau ya mwaka 2003, wanajificha kwenye delta ya Saloum huko Senegali, na karibu na katikati filamu ya bunduki inageuka kuwa ya mizimu. Kwa nini kiongozi wao anaijua ile kambi sitasema, itazame mwenyewe. Mimi mgeuko ule ulinichosha. Badala ya kubishana kama ni "kali", akaniuliza nilianza kuchoka wapi hasa. Tukarudisha nyuma, tukakuta ni pale mizimu ilipotokea kwa wingi mno, wakati hofu kubwa ilikuwa tayari imejengwa kwa watu kutazamana mezani wakila. Alikubali nusu. Nusu nyingine bado tunaibishania, na mimi sirudi nyuma.

Kuhusu kutoboa mwisho wa filamu, tuna sheria ngumu. Tukipanda Arusha kutazama sinema, hakuna anayeruhusiwa kuijadili ndani ya Coaster mpaka tupite Usa River. Barabara ya Arusha kwenda Moshi ni kilomita 80 hivi, muda upo wa kutosha. Kimya kile cha kwanza kinamzuia mwepesi wa maneno asimpake mwenzake maoni yake kabla hajapata ya kwake. Kuanzia Kikatiti kuja Bomang'ombe, abiria wa siti ya mbele huwa wanageuka kusikiliza.

Jambo linaloniuma zaidi ni jinsi tunavyojadili filamu zenye bajeti ndogo, hasa za kwetu Afrika Mashariki. Kuna wanaozisamehe kila kitu kwa sababu ni zetu, na kuna wanaozicheka kwa sababu hiyo hiyo. Wote wawili hawajazitazama. Who Killed Captain Alex? ya Mganda Nabwana I.G.G., ya mwaka 2010, bajeti yake hutajwa kuwa chini ya dola 200. Tenganisha alichokosa na alichochagua. Milipuko ya kompyuta ni uhaba. Kasi ya mapigano, na sauti ya VJ, yaani msimulizi anayetania juu ya picha tangu mwanzo, ni uchaguzi, na sisi tuliokulia vibanda umiza vya video tukisikiliza kina Lufufu wakitutafsiria filamu za nje tunapaswa kuuelewa kuliko mtazamaji wa Ulaya. Vivyo hivyo na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyooneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021. Ukiijadili na aliyesoma riwaya ya Adam Shafi, atakuhesabia yaliyoachwa mpaka jioni. Mvumilie, kisha muulize: wahusika wakuu Denge na Yasmin wakiwa kimya, kamera imetuambia nini ambacho kitabu hakikukiandika?

Mengine ni madogo. Maandishi ya chini yakiwa ya Kiingereza na mwenzako hayafuati vizuri, tazameni pamoja na msimamishe, msimtegemee mmoja awasimulie. Na filamu huru lipieni pale inapouzwa kihalali, hata kwa kuchangiana. Aliyeitengeneza hana studio ya kumfidia, na flashi inayozunguka mtaa mzima inamnyima filamu yake ijayo.

Sasa ni zamu yangu, nimemchagulia Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ya mwaka 2021: wachimbaji wa madini ya koltani, wadukuzi wa kompyuta, na nyimbo kutoka mwanzo hadi mwisho. Za kisayansi anazipenda, za kuimba hazivumilii hata kidogo. Nimeshamwambia aandike pembeni dakika atakayoanza kuchoka, na sini itakayomganda, kabla sijafika dukani.