Kabla hujasaini dediketedi, tembea na waya wake

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa kitengo chetu, mwezi wake wa tatu kazini, aliniwekea kotesheni mbili mezani. Ofisi yetu ya Mikocheni inahamia jengo jingine na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta laini ya intaneti ya dediketedi, yaani ile unayolipia iwe yako peke yako bila kugawana na wengine. Alikuwa amezipanga vizuri kwenye jedwali: kasi, gharama ya kufunga, bei ya mwezi, muda wa mkataba. Nikamuuliza, "Waya wa huyu wa kwanza unaingia jengoni ukitokea wapi? Na wa huyu wa pili?" Akaniangalia, akasema, "Dada, mbona hizi ni kampuni mbili tofauti."

Tumbo lilinikata. Jibu hilo niliwahi kulitoa mimi, karibu neno kwa neno, mbele ya mzee aliyekuwa ananiamini. Na huyu mdogo wangu si wa kwanza. Mwaka jana nililisikia kwa kijana mwingine, Posta, tena akiwa tayari ameshasaini miezi 36. Kwa hiyo nayaandika haya kwenu nyote mlioingia kwenye kazi za mitandao hapa Dar. CIR (kasi ya uhakika) mnaijua, /29 (fungu dogo la anwani za IP) mnaijua, BGP (namna mitandao inavyoelekezana njia) mmeisoma. Sitawarudisha huko.

1. Neno "dediketedi" juu ya kotesheni peke yake halitoshi. Uliza kwa maandishi: uwiano wa 1:1, yaani kasi yote unayolipia ni yako, unaishia wapi? Wapo wanaokupa 1:1 kutoka ofisini kwako hadi kwenye swichi yao ya mtaani, na kuanzia hapo mnagombania wote. Na ukiona kisanduku wanachokuletea ni cha GPON (faiba ya kugawana), uliza tena, maana faiba moja huko nyuma imegawanywa kwa wateja 32 au 64, na upande wa kupakia, yaani kutuma data, mnagawana gigabiti 1.2 hivi nyote kwa pamoja. Kwa mgahawa wenye mashine ya EFD na wateja wanaotazama simu, hiyo inatosha kabisa, na msimuuzie mtu laini ya bei mbaya asiyoihitaji. Lakini kampuni inayopeleka nakala za data nje kila usiku na kurusha picha za kamera za matawi sita inaishi kwa kupakia, na upande huo ndio unaofichwa kwa herufi ndogo.

2. Laini ya Mbps 20, yaani megabiti 20 kwa sekunde, ni megabaiti 2.5 kwa sekunde. Mwambie bosi siku ya kusaini, asije akakuita siku faili la gigabaiti moja litakapochukua karibu dakika saba.

3. Hapa mnivumilie, nitakaa.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mtu wa IT peke yangu kwenye kampuni ya uwakala wa forodha, Kurasini. Mnajua kazi ile: nyaraka zisipoingia kwenye mfumo mzigo hautoki, na kontena likilala bandarini kupita siku zake linakula pesa ya mtu. Tulikuwa na laini moja. Miezi minne nilimwomba mkurugenzi aongeze ya pili. Nikamchorea ubaoni: ruta katikati, mistari miwili, kampuni mbili, kalamu nyekundu na kalamu ya bluu. Nikamwambia, "Mzee, mmoja akifa, mwingine yupo." Akasaini. Na kila mwezi akawa anasaini malipo ya ile laini ya pili ambayo hatujawahi kuihitaji, bila kuniuliza swali.

Jumanne moja, saa 4:20 asubuhi, zote mbili zikafa kwa pamoja.

Kwa kuwa niliamini haziwezi kufa zote, nikaenda kutafuta kosa ndani. Nikazima ruta, nikawasha. Nikabadilisha swichi. Nikaitoa faiawali njiani, nikarudisha mipangilio ya mwezi uliopita. Makarani wamesimama mlangoni na mafaili kifuani, mmoja ameshachukua bodaboda na flashi mfukoni kwenda kuomba kompyuta kwa jamaa zake. Saa moja na dakika arobaini zikapita sijafungua tiketi hata moja, yaani sijawaripotia watoa huduma. Ile picha ya ubaoni ilikuwa imenikaa kichwani, na niliiamini kalamu kuliko macho.

Aliyenitoa ni mlinzi wa getini. Alikuja hadi dirishani akasema, "Dada, hapo mbele kijiko kinachimba mtaro, wamevuta waya mweusi wameutupa pembeni."

Haikufika mita mia tatu. Bomba la rangi ya chungwa limepasuliwa, udongo bado mbichi, na ndani ya bomba waya mmoja. Mmoja. Nilisimama natafuta wa pili hadi dereva wa kijiko akaniuliza nimepoteza nini. Nikarudi ofisini nikafungua tiketi mbili, kwa kampuni mbili. Saa saba mchana likaja gari moja. Fundi akashuka na karatasi mbili za kazi mkononi, akazitazama, akanitazama, akasema kwa upole, "Dada, hizi zote ni zangu."

Mtoa huduma wangu wa pili hakuwa na waya wake mtaani kwetu. Kipande cha mwisho alikikodi kwa yule wa kwanza. Nyaya mbili nilizokuwa nazijua mimi zilianzia kwenye chemba, shimo la nyaya lenye mfuniko, iliyo hatua chache tu nje ya ukuta wetu. Kutoka chemba ile kwenda mjini ni waya mmoja, kori tofauti, yaani nyuzi tofauti za kioo ndani yake.

Nilikaa naye kwenye mtaro mpaka mwisho. Alitandika turubai, akachuna ganda, akafuta kori moja moja kwa spiriti, akazikata ncha, akazilaza kwenye mashine ya kuungia, na kwenye kioo kidogo unaziona nywele mbili zinasogeleana mpaka zinakuwa moja. "Hii ya bluu ni laini yenu ya kwanza," akasema. Akaifunika, akachukua inayofuata. "Hii ya chungwa ndiyo ya pili." Zimepakana. Miezi yote ile tulikuwa tunalipia umbali ambao haukufika unene wa uzi.

Mtandao ulirudi saa 11 na nusu jioni. Mteja mmoja mwenye kontena nane siku zake za bure ziliishia siku ile. Mwezi uliofuata alihamia kwa wakala mwingine, na alikuwa mteja wa miaka. Mzee hakunifokea. Aliniita, akaniuliza kitu kimoja: "Tulilipia mbili, au tulilipia moja mara mbili?" Sikuwa na jibu. Nililia kwenye daladala hadi Mbagala, na sioni aibu kuwaambia.

Basi kabla ya kusaini, mtake kila mmoja akupe ramani ya njia: kutoka jengoni hadi chemba ya kwanza, barabara ipi, upande upi, inaingia kituo gani chao, na kipande cha mwisho ni mali ya nani. Kisha nenda ukaitembee kwa miguu. Akikwambia ramani ni siri, sainianeni fomu ya kutunza siri, lakini ramani uione. Kwenye mkataba iandikwe kwamba njia haitabadilishwa bila taarifa, kwa sababu wanahamisha nyaya kimyakimya wakipata bomba la bei nafuu. Jiji hili linachimbwa kila kukicha: mwendokasi, mitaro, mabomba ya maji. Waya wako utakatwa. Unachochagua wewe ni kama utakatwa peke yake.

Kule Kurasini nilimaliza kwa kuiondoa ile ya pili na kuweka redio juu ya paa inayotazama mnara wa upande mwingine kabisa. Mkienda njia hiyo ulizeni masafa: za masafa ya juu sana, kama gigahezi 80, mvua kubwa ya masika inazipiga kama umbali ni mrefu, na zile za gigahezi 5 zisizo na leseni zimejaa watu. Panda paa mwenyewe uone mnara kwa macho, kisha uliza kama kuna ghorofa linajengwa katikati.

4. SLA, yaani ahadi ya mkataba kuhusu muda ambao laini itakuwa hewani. Asilimia 99.5 kwa mwezi wa siku 30 ni saa 3 na dakika 36 za kukaa gizani bila mtu kuvunja mkataba. Asilimia 99 ni saa 7 na dakika 12. Na kwenye mikataba mingi saa huanza kuhesabiwa tiketi inapofunguliwa, kwa hiyo ile saa moja na dakika arobaini yangu haikuhesabika popote. Fungua tiketi kwanza, hangaika na ruta baadaye.

5. Ukimaliza ya mtaani, muulize mtoa huduma ya baharini, kwenye nyaya zinazotuunganisha na dunia. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nzima mkaona ilivyokuwa. Hadithi ni ileile ya mtaro wa Kurasini, ila mtaro wake ni bahari: mtoa huduma alikuwa na nyaya mbili zenye majina mawili, na zote zikamwacha siku moja. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: "Kusini kukikatika, trafiki yangu inatokea wapi? Una uwezo uliolipiwa wa kupitia nchi kavu hadi Mombasa, au ndipo utaanza kuutafuta?" Mtu wa mauzo hatajua. Omba kuongea na injinia wao. Na muulize kama wameunganishwa TIX, kituo ambako mitandao ya humu nchini inabadilishana data, maana pakiti ya data kutoka Mikocheni kwenda benki iliyoko Posta haina sababu ya kupanda ndege hadi London.

6. Madogo, harakaharaka. Pima kasi kwa kuchomeka kompyuta moja kwa moja kwenye waya wao, usipime kwa waifai, na usipime kwenye seva iliyoko ndani kwao. Kisanduku kidogo kinachogeuza faiba kuwa waya wa shaba kiingie kwenye UPS (betri ya akiba) pamoja na ruta; nimeshaona ofisi tatu ambako TANESCO ikikata, ruta inawaka vizuri haina cha kurusha. Uliza kama bei ina VAT ya asilimia 18. Tangu Machi 2025 kanuni zinataka bei za huduma za humu nchini ziwe za shilingi, kwa hiyo kotesheni ya dola irudishe. Na mwone meneja wa jengo mapema, maana yako majengo yenye mkataba na mtoa huduma mmoja tu, na mnaambiwa mkishahamisha meza.

Yule mdogo wangu nimemrudishia jedwali lake, nimeongeza safu moja: njia. Kampuni zote mbili zimeahidi kutuma ramani kufikia Ijumaa. Jumamosi saa 2 asubuhi tunaanzia ukuta wa nyuma wa jengo jipya na kuifuata kila moja, chemba kwa chemba, mpaka Barabara ya Bagamoyo. Nimemwambia avae viatu vya kufunga na aje na chuma cha kufunulia mifuniko. Aliye karibu na Mikocheni na anayetaka kuja, aje.